Mshipa wa Kifundo cha Mguu

Lodwar,
Jumapili, saa kumi jioni, 1979.

Akai mwanangu,

Usiniulize kwa nini baba mtu anakuandikia barua na ungali chini ya bati lake. Wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya, mama yako amekaa nje ya nyumba ameupa mlango mgongo, nami nimejifungia hapa zahanati kwenye meza ya dawa, maana Jumapili hakuna mtu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ukaniuliza kama kuna kitu kimenikwama kooni. Mara ya pili nikakutuma sabuni dukani, na sabuni ilikuwepo. Mara ya tatu uliniangalia tu, nikaondoka.

Mambo ya sweta, ya kulifunga sanduku kwa kamba kwa sababu kufuli ni bovu, ya kutoshuka ovyo lori likisimama Kainuk, ya kutomwachia mtu mzigo pale Kitale hata akiwa amevaa kola ya padre: hayo mama yako amekwisha kuyasema mpaka mbuzi wa jirani wameyakariri. Mimi siyarudii. Kesho asubuhi unakwenda Kenya, kama wasemavyo watu wa huku, utadhani sisi tuko nchi nyingine, na unakwenda kusomea unesi. Barua hii ni ya jambo moja tu. Ni ya mdogo wako Ekiru na namna alivyokufa. Wewe unaijua vibaya, na aliyekufundisha vibaya ni mimi.

Nivumilie nianze mbali kidogo. Unajua nilivyo, hata kuomba chumvi mezani naanzia kwa Adamu.

Mimi ni mtu wa Rabai, hilo umelisikia mpaka umechoka. Udresa nilijifunza kwa kufagia wodi na kutazama, halafu wakaniamini na bandeji, halafu na sindano. Nikaletwa Turkana kwa karatasi ya serikali, nikalia njia nzima kimyakimya, nikamkuta mama yako nikanyamaza. Sikuwa na shahada yoyote ya kutundika ukutani. Nilichokuwa nacho ni majina. Majina ya mwili niliyapenda kuliko chakula. Kulikuwa na daktari aliyekuwa akitujia Kakuma kwa ndege ndogo mara moja moja, akaniachia kitabu cha anatomia kilichotoka jalada, nikakisoma kama wengine wasomavyo Zaburi. Kwetu neno ni moja, mshipa, basi. Wa damu mshipa, wa fahamu mshipa, hata mzee akiinua gunia akapata ngiri tunasema mshipa umemshuka. Kitabu kile kilinionyesha kwamba kila mmoja una jina lake na njia yake, na mimi nikajiona nimekuwa mtu.

Siku moja daktari yule alinivua kiatu. Kweli kabisa, mbele ya wagonjwa. Akachukua kalamu ya wino akachora mstari kwenye mguu wangu, kidole kimoja mbele ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani. Akasema, "Huu ndio safena. Mtu akiishiwa maji mwilini, mishipa ya mikono hujikunja yote ukaikosa. Huu hauhami. Hata usipouona, pasua hapa, utaukuta." Nami, badala ya kumwuliza nipasue kwa kina gani, nikamwuliza jina lina maana gani. Alicheka. Akaniambia husemwa limetoka kwa Wagiriki, kwamba ni kitu kilicho wazi, kinachoonekana bila kutafutwa. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa pipi. Ule wino sikuuosha siku mbili. Katika yote aliyoyasema daktari yule, nililishika jina, na yale ya hata usipouona yakanipita.

Miaka mingi baadaye, hapa Lodwar, yule Mwarabu mwenye duka la vitambaa aliniambia jambo lingine. Unamjua, yule mzee anayesoma na miwani miwili. Aliniambia waganga wa zamani wa Kiarabu waliuita safin, na kwamba wapo wanaosema Wazungu walilichukua jina kwao, na maana yake ni kilichofichika. Yeye mwenyewe akakataa hilo pia. Alisema safin amjuaye yeye ni farasi anayesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameugusisha ncha tu. Basi wako wa kilicho wazi, wako wa kilichofichika, na yuko mzee na farasi wake, na nadhani hata wenye elimu hawajamaliza ubishi huo.

Nilikaa na neno hilo kwa muda mrefu, Akai. Nilikuwa nikilitafutia kosa. Nilitaka nijiambie kwamba jina lilinidanganya, kwamba niliambiwa mshipa utaonekana, nikautazamia kwa macho, haukuonekana, basi kosa ni la Wagiriki. Upuuzi mtupu. Jina halikuua mtoto.

Sasa nikuambie habari za babu yako Lokwang, baba yake mama yako. Yeye hakulijua jina hata moja katika kitabu changu, lakini mshipa aliujua. Ulipokuwa mdogo ulimwona mara nyingi akitoa damu ng'ombe, ulikuwa ukijificha nyuma ya mama yako na jicho moja nje. Ng'ombe anafungwa ukanda shingoni, mshipa unavimba, anapigwa mshale mfupi uliofungwa karibu na ncha usizame sana, damu inakingwa kibuyuni, ukanda unafunguliwa, ng'ombe anarudi kwenye majani. Kwa ng'ombe mnene hata mlevi anaweza. Watu walimwita babu yako kwa ng'ombe wa kiangazi, wale waliobaki ngozi na mifupa, ambao ukifunga ukanda huoni kitu, na nyumbani kuna mtoto hajala. Babu alikuwa hatazami. Aligeuza uso kando kabisa, akaweka kidole gumba, akangoja. Halafu akasema hapa, na ikawa hapo. Mimi nilimdharau kwa kule kugeuza uso. Nilijiambia huyu mzee anafanya uganga tu.

Haya. Mwaka wa sabini na moja, Kakuma. Wewe una miaka tisa, Ekiru mwaka mmoja na nusu. Kuhara na kutapika kulikuwa kumeingia, watu wanaletwa juu ya punda, wengine wanafika wameshakwisha. Mama yako alikuwa amekwenda kwa shangazi yake aliyefiwa, mwendo wa saa mbili. Wewe ukaachiwa mdogo wako. Nami asubuhi, kwa ile sauti yangu ya zahanati, nilikuwa nimetoa amri: mtoto asinywe maji ila ya kuchemsha. Kuni nyumbani hazikuwepo. Sikuuliza kama zipo.

Ekiru akalia kiu. Ukashuka kwenye laga, kwenye yale mashimo ya mchangani watu wanakochota mto ukikauka, ukarudi na maji, ukampa kwa kikombe cha bati.

Mimi nilikuona. Nilikuwa dirishani hapo zahanati, hatua chache tu kutoka nyumbani. Sikukukataza, kwa sababu nami nilikuwa nimekunywa maji hayo hayo muda si mrefu kabla, na mji mzima ulikuwa ukiyanywa. Na kuna jambo lingine ambalo hulijui. Ekiru alikuwa ameanza kuhara tangu alfajiri, kabla wewe hujaamka. Nilimsafisha mimi mwenyewe, nikakitupa kitambaa, nikajiambia ni meno. Ndiyo maana alikuwa na kiu kiasi kile. Ugonjwa ulikuwa tayari ndani yake wakati wewe ungali umelala. Soma hapo mara ya pili, mwanangu, na ya tatu. Wakati unampa yale maji, mimi nilijua kwamba mtoto tayari ni mgonjwa, nikarudi kwenye foleni yangu.

Kufika saa saba mchana macho yalikuwa yamezama. Ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Nilikuwa na chupa moja ya maji ya kutundika. Nikamchoma mkono wa kulia, nikakosa. Wa kushoto, nikakosa. Kichwani, mara nne. Nikatazama kifundo cha mguu, pale pale nilipochorwa wino, nisione chochote, ngozi tupu. Wembe ulikuwa umechemshwa, uko kwenye sahani. Sikuugusa. Nilikuwa nimemwona daktari akipasua hivyo mara mbili, mwenyewe sijawahi, na huyu ni mwanangu. Niliogopa. Nimetafuta neno lingine la heshima kuliko hilo nikalikosa.

Babu yako akaingia. Alikuwa ameleta mifugo kwenye maji akasikia. "Ejok, daktari," akanisalimu kwa lugha yao, aliniita daktari kila siku kwa utani, na siku ile haikuwa utani. Akamtazama mtoto, akatazama sindano. Akasema kwa Kiswahili chake kile, "Mkono wacha. Mkono imekufa. Kuja kwa mguu. Wewe nafunga hapa juu, nangoja kidogo, nashika na kidole." Akageuza uso kando, akaweka kidole gumba. "Iko hapa."

Ilikuwa pale pale, Akai. Kidole kimoja mbele ya mfupa, upande wa ndani.

Nami nilikuwa nimevaa koti jeupe. Nikaupiga mkono wake. Nilimpiga mkono baba mkwe wangu, mtu ambaye kwa desturi ya kwao na ya kwetu pia sikutakiwa hata kumkatiza neno. Nikamwambia, "Huyu si ng'ombe, mzee! Toka nje! Toka na uchafu wako!" Wagonjwa wote walisikia. Babu alisimama kidogo. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Akasema, "Sawa. Lakini iko hapa." Akatoka akakaa chini ya ukuta.

Nikaendelea kuchoma. Sitakuambia mara ngapi. Saa tisa na nusu Ekiru akanyamaza, na ile chupa ilikuwa bado imejaa.

Mama yako alifika akikimbia, habari zilikuwa zimemkuta njiani. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba Akai, imekuwaje?" Nilikuwa na majibu mawili kinywani. La kwanza lilikuwa la kweli. Nikatoa la pili. Nikasema, "Muulize Akai amempa maji gani."

Ulikuwa umesimama karibu na tangi la maji la zahanati. Nimeona watu wengi wakipata habari mbaya, hiyo ndiyo kazi yangu, lakini uso kama wako wa siku ile sijauona tena, na Mungu anisaidie nisiuone. Hukulia. Mama yako hakukupiga wala kukutukana. Afadhali angekupiga, ungelia, yangekwisha. Alikupita tu kama mtu anayepita mti, akaenda kumchukua mtoto. Na wewe ukabaki na kile kikombe cha bati mkononi, mpaka jioni mtu mwingine akakuondolea.

Ungedhani kesho yake nilikuita nikarekebisha. Baba yeyote mwenye haya angefanya hivyo. Mimi nilijiambia tumzike kwanza. Tulipomzika nikajiambia mama yake apumue kwanza. Unajua uongo ulivyo, ukishaupa kigoda hauondoki.

Wiki tatu baadaye aliletwa mtoto wa kike kutoka upande wa Lokichoggio, mkubwa kuliko Ekiru kidogo, amekauka vile vile. Nikajaribu mkono mmoja, nikakosa. Nikatoka nje. Babu yako alikuwa pale chini ya ukuta, alikuwa akija kukaa hapo karibu kila siku, sijui kwa nini, labda kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Baba, njoo." Ndiyo mara ya kwanza kumwita baba. Akanawa mpaka kwenye viwiko, hakuna aliyemwambia. Akafunga mguu, akageuza uso, akangoja muda ambao mimi niliuona mwaka, akaweka kidole. "Iko hapa." Alipokiondoa nikapasua alipokuwa amegusa, ngozi tupu ile ile, sioni kitu. Na mshipa ukatoka, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulikuwepo. Ulikuwa umelala hapo unangoja. Maji yakaingia, na kabla ya jua kuzama yule mtoto alikuwa anamlilia mama yake.

Watu walinishika mikono. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Maana sasa nilijua. Kabla ya hapo ningeweza kusema labda, labda mshipa ulikuwa umeshajifunga, labda saa yake ilikuwa imefika, ni mapenzi ya Mungu, yale maneno tunayowaambia watu. Baada ya mtoto yule labda zote zilikwisha. Babu yako alinifuata kule nyuma. Akaningoja nimalize. Akasema, "Huyu msichana yako hakunywa uji tangu siku ile. Wewe naambia yeye." Nikasema nitamwambia. Akauliza lini. Nikasema kesho.

Kesho hiyo imekuwa miaka minane. Babu aliniuliza tena mara mbili, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, akiwa amelala kwenye ngozi yake hawezi kunyanyuka, nami nimempelekea vidonge ambavyo sote wawili tulijua havina kazi. Aliniuliza kwa macho. Nikajifanya napima joto.

Na wewe ukakua. Nilikuona umeinamia sufuria mpaka maji yapande mapovu, uyaache tena yapande, halafu unywe wa mwisho baada ya watu wote. Ulikuwa ukiosha kikombe mara tatu. Mtoto wa mtu akikohoa kanisani unahama benchi, si kwa kumkimbia, kwa kuogopa usije ukamdhuru wewe. Nami wageni wakija nasema, "Huyu binti yangu ni msafi ajabu, huyu amezaliwa nesi!" Lo! Mdomo huu ungestahili kushonwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako haukuwa hata wa mwenzangu, ulikuwa wangu, nimekutwika mwenyewe, na bado niliuona mwepesi kwa sababu hukuwa ukilalamika.

Halafu mwezi uliopita ukaniletea ile fomu ya chuo niweke sahihi ya mzazi. Kulikuwa na pale mahali wanapouliza kwa nini unataka kuwa muuguzi. Wenzako nadhani huandika kusaidia taifa. Wewe uliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wako mzuri ule, kwamba mdogo wako alikufa kwa mkono wako na unataka kufanya kazi hii mpaka itoshe. Nilisoma. Ulikuwa umesimama hapo unanipa kalamu. Nikatia sahihi, mwanangu. Nilisoma maneno hayo nikatia sahihi chini yake, nikasema mwandiko safi.

Hapo ndipo niliponuka hata puani mwangu mwenyewe.

Basi nasema sasa, na kwa maandishi, ili usije siku moja ukajiambia labda hukunisikia vizuri. Hukumuua Ekiru. Hukumuua hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Huko chuoni watakufundisha, na mwalimu atalisema kana kwamba si kitu, kwamba mtoto anayehara hupewa maji, apewe kidogo kidogo, asiachwe akauke. Siku hiyo usikimbie darasani. Yale maji yako, pamoja na uchafu wake wote, ndiyo tiba pekee aliyoipata mdogo wako siku nzima ile. Baba yake dresa alimpa matundu.

Sijui utanifanyaje. Sitaki uniambie umenisamehe, huo ni mzigo mwingine nitakuwa nimekutwika. Ninachotaka ujiulize njiani ni kama kazi hii unaipenda. Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu miaka yote hii umekuwa ukijiadhibu na sote tukaita kipaji. Ukifika huko ukaona unaipenda, kaa. Ukiona hapana, rudi. Kauze sukari, kafundishe watoto, kaolewe, kaa nyumbani ukunje mikono. Nikikuuliza kwa nini, nikumbushe barua hii.

Na ukikaa, siku watakapokuonyesha safena, watakuambia habari za Wagiriki. Sikiliza, ni habari tamu. Lakini kuna siku utakuwa umevaa nguo nyeupe, umechoka, unaogopa, na mtu anayenuka moshi na mbuzi ataingia bila kubisha akuambie iko hapa. Mimi sijui atakuwa nani. Labda bibi, labda mpishi. Sogea kidogo tu apate nafasi. Huo ndio ujuzi wangu wote wa miaka ishirini, na umenigharimu mtoto.

Mama yako nilimwambia leo asubuhi baada ya kanisa. Nilitaka ajue kabla yako, halafu nikaona hata hilo ni kosa, lakini lilikuwa limeshatoka. Alikuwa anachambua mtama. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Akauliza swali moja tu: "Kidole cha baba yangu kilikuwa mahali penyewe?" Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini. Akasema, "Nilimpita mtoto wangu kama mti." Akarudia hivyo mara mbili, kwa Kiturkana, halafu akasema nami kwa Kiswahili ili nielewe vizuri: "Mwambie kabla lori haijaenda. Usipomwambia, nitamwambia mimi." Tangu hapo hajasema nami. Ukirudi jioni hii utamkuta anakutazama sana. Asipoweza kusema, mwache akusuke nywele, nadhani ndicho alichokipanga.

Barua hii sitaiweka sandukuni uje kuisoma Kitale peke yako kati ya watu usiowajua. Nitakupa mkononi kesho kabla lori halijafika, na nitasimama mbele yako mpaka uimalize, usinipe nafasi ya kwenda kutafuta sabuni. Ukiwa na neno la kunitukana, nitukane hapo hapo, watu wasikie, kama walivyosikia nikimfukuza babu yako. Usipokuwa na neno, panda. Usipotaka kunipa mkono, usinipe, panda tu. Mama yako atakuwepo, mpe yeye.

Kwa miaka minane katika nyumba yetu hakuna aliyelitaja jina la mdogo wako, na ni mimi niliyelizuia. Leo nimeliandika mara nyingi kuliko miaka yote hiyo.

Ni mimi baba yenu, wewe na Ekiru.